WASIA WA MGONJWA JUU YA MATIBABU YAKE

Waislamu wengi wanajua ya kwamba wasia ni jambo lililoamriwa. Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, yamwagiza mtu aliyekaribiwa na mauti, naye anaacha mali, ausie kwa uadilifu. Na katika Sura Al-Maida yaagiza wasia huo ushuhudiwe na watu wawili waaminifu. Naye Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., kama alivyopokea Ibn Umar r.a. katika Bukhari na Muslim, alifundisha kuwa haimpasi Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala hata masiku mawili isipokuwa wasia wake uwe umekwisha andikwa naye anao. Serikali nayo imelirahisisha jambo hili, kwani ofisi ya RITA huwaandikia wananchi wosia na kuwatunzia.

Lakini wasia wa mali hufunguliwa lini? Hufunguliwa baada ya mazishi, wakati mwenyewe amekwisha kufunikwa udongo. Baina ya siku mtu anapoanguka kitandani na siku anapopelekwa kaburini mara nyingi pana majuma, pengine miezi, naye yu hai, ana roho na ana haki, ila ulimi wake hausemi. Juu ya kipindi hicho watu wengi hawaachi neno hata moja. Shamba lina wasia, nyumba ina wasia, ng'ombe wana wasia. Mwili wa mwenye mali hizo hauna.

Tuchukue mfano wa mzee wa Nyasho, pale Musoma, ambaye amekwisha kuchoka kwa maradhi ya moyo, na usiku mmoja anapatwa na kiharusi. Watoto wanampeleka katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ile iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa. Daktari anawaeleza kwamba hali ni nzito. Mtoto wa kwanza yataka baba apelekwe Bugando, Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kupitia Bunda na Magu. Binti asema baba aliwahi kumwambia hataki kufia njiani. Baba mdogo anafika kutoka kijijini na kusema kuwa maradhi haya si ya hospitali, aitwe mganga. Mtoto aliyeko Dar es Salaam apiga simu na kuagiza baba atiwe katika mashine, gharama ataituma. Wote wanampenda. Wote wanasema kwa jina lake. Na yeye aliye na haki ya kusema kuliko wote amelala anatazama dari.

Je, dini ya Islam yasema nini juu ya hali hii? Jawabu limo katika ugonjwa wa mwisho wa Mtukufu Mtume mwenyewe, mwaka wa 11 wa Hijra, yaani mwaka 632 wa Kikristo, na limesimuliwa na Bibi Aisha r.a. katika Bukhari. Ugonjwa ulipomzidi, watu wa nyumbani walitaka kumtilia dawa kinywani, kwa upande mmoja wa mdomo, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu. Hakuwa na nguvu ya kusema, akawaashiria wasifanye hivyo. Wao wakaambiana kuwa ni ile chuki tu ambayo kila mgonjwa huwa nayo kwa dawa, wakamtilia. Alipopata nafuu aliwauliza: je, hakuwa amewakataza? Wakatoa udhuru wao uleule. Naye hakuukubali, akaamuru kila aliyekuwemo nyumbani atiliwe dawa ile ile naye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas r.a., ambaye hakuwapo walipofanya tendo hilo.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Wanavyuoni wametaja sababu mbalimbali kwa nini Mtume s.a.w. aliikataa dawa ile; wengine wamesema ni kwa kuwa ilikuwa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Lakini kwa shabaha yetu sababu si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni kwamba alikataa, nao walifahamu kuwa amekataa, kisha wakaigeuza maana ya ishara yake. Hawakumfanyia uadui, walikuwa wake zake na jamaa zake, watu waliompenda kuliko nafsi zao. Kosa lao lilikuwa kudhani ya kwamba mapenzi yanatosha kuwapa idhini. Na udhuru walioutoa ndio huu huu unaosikika leo katika kila wodi: ni mgonjwa huyu, hajui asemalo, mshikeni mkono.

Tena, kama ishara ya mkono ya mtu aliyezidiwa ilistahili kutiiwa, je, itakuwaje hadhi ya maneno aliyoyasema mtu akiwa na akili timamu, yakaandikwa na kushuhudiwa?

Hapa mtafutaji wa ukweli aweza kuuliza swali la haki kabisa. Je, kukataa matibabu si kujiua? Wala si kukata tamaa na rehema ya Mungu?

Kujiua ni haramu, na juu ya jambo hili Islam haina mashaka. Sura An-Nisa yatukataza kuziua nafsi zetu. Mtume s.a.w. alisimulia habari za mtu wa zamani aliyekuwa na jeraha, akashindwa kuvumilia, akachukua kisu akaukata mkono wake, damu isikome hata akafa. Na Mungu akamharimishia Pepo. Kwa hiyo mgonjwa hawezi kumwambia daktari ampige sindano ya kumwua, na daktari akifanya hivyo ni mwuaji mbele ya Mungu na mbele ya sheria ya Tanzania. Wala hakuna wasia unaoweza kuhalalisha jambo hilo. Kadhalika mtu mwenye malaria, au mwenye kisukari kinachotulizwa kwa dawa, ambaye dawa yake ipo na inaponya au inamsitiri, hafanyi uchaji Mungu kwa kuiacha. Mtume s.a.w. aliwaamuru watu wajitibu, akasema kwamba Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu: uzee.

Neno hilo la mwisho laonyesha mpaka. Upo wakati ambapo dawa haiponyi tena, bali inarefusha kufa. Moyo wa kijana uliosimama ghafula waweza kurudishwa kwa kukandamiza kifua. Lakini mzee dhaifu ambaye saratani imekwisha kuenea mwilini, moyo wake usimamapo, kukandamizwa huko kwaweza kumvunja mbavu, na ni nadra sana arejee katika uhai wenye nafuu. Mashine ya kupumulia humsaidia mtu avuke daraja kuelekea kupona. Panapokuwa hakuna ng'ambo ya kufikia, humweka tu juu ya daraja. Kuyakataa mambo kama haya si kujiua. Ugonjwa ndio unaomchukua, kwa ajali iliyoandikwa.

Na katika Bukhari imo habari ya mwanamke mmoja mweusi, ambaye Ibn Abbas r.a. alimwonyesha mwanafunzi wake Ata kuwa ni miongoni mwa watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Alimwendea Mtume s.a.w. kuomba dua. Mtume akamkhiarisha: akitaka avumilie apate Pepo, au akitaka amwombee Mungu amponye. Akachagua kuvumilia. Lakini aliongeza ombi moja, kwamba aangukapo nguo humfunuka, basi aombewe asifunuke. Na Mtume akamwombea hilo. Tazama jinsi mwanamke huyu, ambaye hata jina lake halikutajwa katika hadithi hiyo, alivyopambanua mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuponywa aliweza kukuacha. Sitara yake hakuiacha. Na hakuna aliyemlazimisha apone.

Hivyo basi, katika wasia wa mgonjwa, neno "sitaki" halisimami peke yake. Hufuatana na "nataka". Aliyekataa kupelekwa mbali hakukataa kuogeshwa, kugeuzwa kitandani asipate vidonda, kupewa maji kadiri anavyoweza kumeza, kusomewa Qurani, na kutulizwa maumivu. Hayo ni haki yake hata pumzi ya mwisho.

Juu ya maumivu inafaa kusema zaidi, maana hapa watu wetu wanateseka bure. Ipo dawa iitwayo mofini, ambayo hutengenezwa kuwa maji ya kunywa na hutuliza maumivu makali ya saratani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya kutuliza maumivu ya saratani tangu mwaka 1986. Jirani zetu wa Uganda walianza kuitumia kwa wagonjwa majumbani tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma ya Hospice Africa huko Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandikia wagonjwa. Kwetu hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine zenye huduma hiyo. Baadhi ya Waislamu huiogopa, wakisema ni kilevi, na kilevi ni haramu. Lakini Qurani Tukufu imemwondolea dhambi aliyeshurutika, asiyetamani wala kuvuka mpaka. Na mtu anayelia usiku kucha kwa saratani ya mfupa hakika ameshurutika. Wengine hudhani kuwa dawa hii ni ya kumharakisha mgonjwa afe. Sivyo. Itolewapo kwa kipimo cha daktari, humwezesha kulala, kula kidogo, na kusali kwa ishara akiwa na fahamu zake. Basi aandike wazi: maumivu yangu yatulizwe.

Lipo jambo jingine linalozuia wasia huu, nalo ni desturi ya kumficha mgonjwa. Daktari huitwa kando, huombwa asimwambie mzee, na mzee huambiwa ni vidonda vya tumbo. Desturi hii inaonekana kuwa huruma, bali humnyang'anya mtu wakati wake wa mwisho wa kutengeneza mambo. Hadhrat Umar r.a., Khalifa wa pili, alipochomwa kisu mwaka 23 wa Hijra (644), alipewa maziwa, yakatokea jerahani. Katika mapokezi, tabibu hakumficha. Alimwambia ausie, naye Umar akamsadiki. Kisha angalia aliyoyafanya katika muda huo mfupi: deni lake likahesabiwa, likaonekana kuwa yapata 86,000, akaeleza litakavyolipwa, akamtuma mwanawe Abdullah kwa Bibi Aisha kuomba ruhusa ya kuzikwa karibu na Mtume s.a.w.; akaweka baraza la watu sita wamchague Khalifa. Lau tabibu angalimwambia kuwa kesho atapona, hayo yote yasingalifanyika.

Wala hospitali kubwa haiwezi kuiondoa saa. Watu wa Mara wanalijua jambo hili kuliko wengine. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliugua saratani ya damu, akatibiwa London katika Hospitali ya St Thomas', na huko akafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Na tarehe 23 mwezi ule ule akazikwa nyumbani kwao Butiama. Matibabu yale hayakuwa kosa. Ila yule ambaye hana ndege wala Serikali ya kumrejesha, naye anatamani kufia penye watu wake, aseme mapema, maana kutoka Mwanza hadi Musoma kukodi gari ya kubeba maiti ni gharama ya kuifilisi nyumba ya mchuuzi wa dagaa.

Sasa, aandikeje? Haihitajiwi lugha ya kisheria. Achukue karatasi, aandike jina lake, tarehe, na ugonjwa alio nao kama daktari alivyomweleza. Kabla ya hapo amwulize daktari au mganga wa kituo cha afya maswali ya wazi: ugonjwa huu huishaje? Ni mambo gani yaweza kunipata ghafula? Likinipata hili, matibabu yataniletea nini? Kwani mtu hawezi kuusia juu ya jambo asilolifahamu. Kisha aeleze: kama atakubali kupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, na katika hali gani, kama atakubali kukandamizwa kifua, mashine ya kupumulia, mpira wa kulishia puani, kusafishwa damu kwa mashine. Anaweza kukubali jambo moja na kukataa jingine. Anaweza pia kusema kwamba anataka yote yajaribiwe, na hilo nalo ni wasia wa kuheshimiwa. Aseme ni wapi angependa kuwa siku za mwisho.

Halafu amtaje mtu mmoja atakayesema kwa niaba yake, na wa pili kama wa kwanza hayupo. Si lazima awe mtoto mkubwa. Awe yule anayeweza kusimama mbele ya ukoo bila kutetemeka. Watie sahihi mashahidi wawili, na asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa. Nakala moja ikae nyumbani mahali panapojulikana, moja kwa aliyetajwa, moja katika faili la hospitali. Ndugu walioingia katika mpango wa Al-Wasiyat, ulioanzishwa na Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwaka 1905, wamekwisha kuzoea kuandika na kushuhudisha. Haitakuwa taabu kwao kuongeza karatasi ya pili.

Katika nchi nyingine karatasi za namna hii zimepewa nguvu ya sheria. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria yake mwaka 1976, na Uingereza ikafanya hivyo katika sheria ya mwaka 2005. Lakini usidhani ya kwamba bila mahakama karatasi yako ni bure. Kazi yake ya kwanza ni kukata maneno baina ya ndugu walio kando ya kitanda, na kumpa daktari mwongozo. Isitoshe, si mnyororo. Mgonjwa akibadili nia leo asubuhi, hata kwa neno la mdomo tu, neno la leo ndilo linalofuatwa.

Kwa ndugu zetu walioingia Islam juzi na jana, jambo hili ni zito zaidi. Katika Mara nyumba moja yaweza kuwa na Mkatoliki, Msabato, Mmenoniti na Mwislamu, na kwa kawaida wanaishi kwa amani. Lakini siku ya maradhi makubwa ukoo hurudi katika yale unayoyajua. Yawezekana ukaletewa hirizi na kupigiwa ramli ukiwa huna nguvu ya kukataa, au ukaombewa kwa namna usiyoiamini, na hatimaye ukazikwa kwa namna ambayo si ya dini uliyoichagua. Usiwalaumu ndugu zako ikiwa hukuwaambia. Andika kuwa wewe ni Mwislamu. Kwamba hutaki mganga wala ramli. Kwamba utamkiwe shahada karibu nawe kwa upole. Kwamba ukifa uoshwe, uvishwe sanda na kusaliwa na Waislamu wenzako, na utaje nani waitwe. Tena uwasomee wazazi wako karatasi hiyo wewe mwenyewe, ungali na afya, kwa adabu, ukiwaacha waulize. Mama atalia. Ni afadhali alie leo ukiwa unaweza kumjibu.

Nanyi watoto mtakaotajwa katika karatasi hizi, hiyo ni amana. Hamkuchaguliwa kusema mnayoyataka ninyi, bali aliyoyataka yeye. Sura Bani Israil yatukataza kuwaambia wazazi waliofikia uzee hata neno dogo la kuchoshwa. Basi itakuwaje kuwaandikia karatasi ya kuacha matibabu kwa sababu gharama imetuchosha? Hiyo si wasia, ni dhuluma iliyovaa kanzu. Mtoto asimshike baba yake dole gumba. Na mzee asemapo, "Msinipeleke popote, niacheni," msikimbilie kuandika. Wazee wetu wengi husema hivyo kwa kuwa wanaona aibu kuwa mzigo, wanahesabu ng'ombe watakaouzwa na karo za wajukuu. Mwulizeni mara ya pili siku nyingine, na mara ya tatu, watu wakiwa wachache: "Baba, lau lisingekuwapo suala la fedha, ungetaka nini?" Jawabu la swali hilo ndilo linalostahili kuandikwa.

Labda msomaji atauliza, na yule ambaye ulimi umekwisha kuwa mzito, hakuandika kitu? Naye asiachwe. Mtu aliyepatwa na kiharusi aweza kuwa anasikia na kufahamu yote. Keti upande anaoona vizuri, mwulize neno moja moja, aminye mkono wako kwa kukubali na aulegeze kwa kukataa. Uliza jambo lile lile kwa kuligeuza, uone kama jawabu ni moja. Muuguzi awepo ashuhudie. Kisha liandike, na tarehe yake, na saa.